Uji wa Sandukuni

Watu wengine wakimaliza kazi kwa Wazungu hurudi mjini na baiskeli, au na saa ya mfukoni ya kuwaringia wenzao barazani. Sadalla alirudi Ngamiani na sanduku la chai. Wachukuzi wa stesheni ya Tanga walidhani lina vyombo vya kaure, wakalishusha kwa adabu zote. Kumbe ndani mlikuwa na katani mbovu, zile nyuzi fupifupi zinazokataliwa kiwandani, zimeshindiliwa chini na pembeni, na katikati limeachwa shimo la duara. Juu ya katani ulilazwa mto wa sufi. Shimo lile lilikuwa mahali pa sufuria, na sufuria yenyewe Sadalla aliipakata mapajani njia nzima kutoka Muheza, maana hakumwamini mtu kuishika.

Alikuwa mpishi wa Bwana Makrei, meneja wa shamba moja la mkonge huko upande wa Muheza. Bwana huyo alikuwa Mskochi mrefu asiye na mke, na kila alfajiri, kabla hajatoka kwenda kukagua wakataji, alitaka uji wa oti, zile nafaka bapa za kopo. Aliula kwa chumvi, bila sukari wala maziwa, kama mtu aliyeapizwa. Lakini alikuwa na huruma yake. Hakutaka mpishi wake aamke usiku wa manane kuwasha kuni, kwa hiyo akamfundisha upishi wa sanduku kama bibi yake alivyokuwa akiupika kwao.

Upishi wenyewe si mgumu. Jioni unachemsha maji, unamimina oti, unakoroga mpaka zitokote sawasawa. Unafunika, unaiviringisha sufuria kwa blanketi kuukuu, unaizamisha kwenye katani, unaweka mto wa sufi juu na kufunga sanduku. Basi, umemaliza, zima moto ukalale zako. Usiku kucha sufuria inajipikia kwa joto lake yenyewe, na alfajiri ukifungua, mvuke unakupiga usoni na uji umeiva umekuwa laini, hata meno hayana kazi.

Kwa uji huo Sadalla alimaliza ujana wake. Alikuwa na mke zamani, Mwatumu, mtoto wa watu wa Pangani, aliyekaa kwenye kile chumba cha nyuma ya jiko la Mzungu msimu mmoja tu, akasema yeye hakuolewa na mkonge, akadai talaka yake akapewa. Watoto hawakujaliwa. Mama yake Sadalla alikufa akiwa amemwachia nyumba ya udongo na makuti kule Ngamiani, na nyumba ile ikakaa na wapangaji mpaka Bwana Makrei alipozeeka akarudi kwao, akamwachia mpishi wake sanduku, sufuria na makopo ya oti. Ndipo Sadalla akaja kuishi kwenye nyumba ambayo alikuwa hajui hata paa lake linavuja wapi.

Usiku wa kwanza alipika kipimo cha mtu mmoja, kikombe cha oti na maji yake, akafunga sanduku akalala. Asubuhi alipofungua, hapakuwa na mvuke. Uji ulikuwa vuguvugu, oti mbichi zinateleza mdomoni mithili ya bamia. Akadhani katani zimelowa njiani. Akazitoa zote, akazianika uani, akazishindilia upya. Usiku uliofuata mambo yakawa yaleyale. Ilimchukua muda kuelewa kwamba sanduku halina ubovu wowote. Sufuria lazima ijae. Uji mdogo hauna joto la kuuvusha usiku, unapoa kabla haujaiva. Kule shambani alijaza sufuria kwa sababu baada ya Bwana kula palikuwa na boi wa nyumba, na mtunza bustani, na dereva, na Tadeo mpishi wa pili. Hapa nyumbani hapakuwa na mtu.

Basi akawa anajaza, anakula bakuli moja, na uji uliobaki anautazama. Kumwaga chakula ni dhambi, na tumbo la mzee mmoja lina mwisho. Alikaa hivyo mpaka Ramadhani ilipoingia, na mwaka huo iliangukia masika, mvua usiku na mchana, kuni zimelowa, makaa yanatoa moshi tu. Ngamiani nzima watu walikuwa wakihangaika kupuliza moto wakati wa daku, macho mekundu, na wengine wakila kiporo cha baridi. Sadalla peke yake alikuwa na chakula cha moto bila kuwasha hata kiberiti. Furaha ikampanda. Sasa alijua sufuria yake ijae kwa ajili ya nani.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwamvua, mjane wa makamo yake, aliyeishi na binti yake Sabiha aliyekuwa ameachika. Ua wa makuti ndio uliowatenganisha. Daku ya kwanza Sadalla aliupaka uji rangi ya kwao, maana hakutaka kuwalisha waja wa Mungu chumvi ya Waskochi. Akatia tui zito la nazi, sukari na iliki, akapakua bakuli limejaa, akalifunika kawa, akagonga ua. Sabiha akapokea, akashukuru. Bakuli la pili akampelekea Idarusi, muadhini wa msikiti wa mtaa, ambaye walikuwa wamesoma naye chuoni wakiwa watoto.

Jioni, karibu na magharibi, bakuli la Mwamvua likarudi na kaimati ndani yake, zimechovywa shira. La Idarusi likarudi na ndizi za kupikwa. Hivyo ndivyo ilivyo adabu ya pwani, chombo cha mwenzio hukirudishi kitupu, na Sadalla aliyajua hayo tangu utotoni, ila alikuwa ameusahau utamu wake. Alizila zile kaimati polepole. Siku ya pili akapeleka tena, bakuli likarudi na tambi. Siku nyingine maharage ya nazi, siku nyingine vibibi. Mzee wa watu akaanza kuchana ndevu. Akawa anapita msikitini baada ya tarawehe akisalimiana na kila mtu, anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Katika miaka mingi hakuwa amejiona mtu wa mahali fulani, na sasa alijiona.

Kumi la mwisho la mwezi lilipoanza, mvua ya usiku iliangusha kipande cha ule ua wa makuti. Asubuhi kulipopambazuka Sadalla alitoka na kamba kwenda kuufunga. Upande wa pili, nyuma ya migomba ya Mwamvua, bata walikuwa wamekusanyika wanasukumana. Bata wa Mwamvua walikuwa wamenenepa sana mwezi ule, mtaa mzima uliwasifia. Sadalla alichungulia aone wanagombania nini. Chini palikuwa na uji mweupe umemwagwa, bado unatoa mvuke kidogo, na harufu ya iliki ikamjia mpaka aliposimama.

Hakuufunga ua. Alirudi ndani akakaa kitandani, kamba mkononi. Kwanza alijiambia labda leo tu, labda Sabiha alikuwa na tumbo. Lakini palipomwagwa palikuwa na ukoko wa siku nyingi, tabaka juu ya tabaka, na hilo alikuwa ameliona kwa macho yake. Aliumia. Aliumia kuliko siku Mwatumu alipofunga mizigo yake, kwa sababu Mwatumu angalau alimwambia usoni.

Adhuhuri, baada ya sala, alimngoja Idarusi mlangoni mwa msikiti.

"Idarusi, uji ninaokuletea unaula?"

Idarusi akaanza kukunja mkeka ambao ulikuwa umekwisha kunjwa. "Yakhe, mbona swali la namna hiyo?"

"Nijibu. Umefunga, na mimi nimefunga."

Muadhini akashusha pumzi. "Siuli. Usinikasirikie. Sufuria imetoka jikoni kwa Mzungu, na Mzungu nyama anayokula unaijua."

"Nguruwe alikuwa akipikwa na Tadeo! Tadeo ni Mkristo, hana neno. Sufuria zake zilikaa huku, zangu kule. Kisu chake, kisu changu. Mwiko wake, mwiko wangu. Hata dodoki la kuoshea nilikuwa na langu. Sufuria hii haikupata kupikiwa kitu isipokuwa oti."

"Mimi nakuamini."

"Unaniamini, na uji unampa nani?"

Idarusi alimshika mkono rafiki yake, akamvuta pembeni. "Dawa yake nyepesi, na sheria imekwisha tuonyesha. Chukua sufuria yako, ioshe mara saba, moja kwa udongo. Ioshe pale bombani, watu wakiwapo. Itakuwa imetwaharika, na maneno yatakwisha."

"Nikiosha nitakuwa nimekiri."

"Usipoosha utakula peke yako."

Sadalla alimwacha hapohapo. Njia nzima alikuwa akisema peke yake. Miaka yote ile kule shambani alijilinda bila mtu wa kumwona. Angeweza kulegeza, nani angejua? Ngamiani ilikuwa mbali, mama yake alikuwa kaburini, msikiti wa karibu ulikuwa mwendo wa jasho. Alijilinda kwa sababu aliamini ipo siku atarudi kwao na watu wa kwao watakaa naye sinia moja bila wasiwasi. Akafikiri amtafute Tadeo amtolee ushahidi, kisha akakumbuka Tadeo alikwisha rudi kwao Ungoni, na kwamba hata angekuja, nani angemsikiliza Mngoni wa watu akiapa juu ya sufuria?

Akanuna. Hakuna neno jingine la kusema, mzee alinuna kitoto. Aliacha kupeleka uji. Akapika kipimo chake kimoja, na alfajiri akala uji mbichi wa vuguvugu kwa ukaidi, na mchana kutwa tumbo likamsumbua. Upande wa pili wa ua aliwasikia Mwamvua na bintiye wakipiga vijiko na kucheka, na kila kicheko alidhani anachekwa yeye.

Mwamvua hakusikia bakuli likigongwa kwenye ua, na moyo ukamsuta. Jioni akamtuma Sabiha na sahani ya viazi vitamu vya nazi. Sadalla alikuwa na njaa, akavila vyote. Kisha akaiosha sahani, akaikausha, akaenda kuiweka kwenye baraza ya Mwamvua tupu. Hata chembe ya chumvi hakutia.

Kesho yake alasiri Mwamvua alikuja mwenyewe, buibui limelowa manyunyu.

"Hodi hapa, kaka Sadalla."

"Karibu."

"U mgonjwa?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Sahani yangu imerudi tupu. Tangu niolewe mtaa huu haijapata kunitokea. Nikasema, huyu ama ni mgonjwa ama ana lake moyoni."

Sadalla alimtazama. "Bata wako hawajambo, Bi Mwamvua?"

Mwamvua uso ulimshuka. Akakaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa, mikono mapajani.

"Tuliona haya kukukatalia," alisema mwisho. "Mtu ametoka huko alikotoka, hana mke, hana mtoto, anakuletea chakula mwezi wa toba. Umwambie nini?"

"Mngeniambia tu."

"Ungesema tumekutukana."

"Na sasa je, hamkunitukana?"

"Tumekutukana," alisema Mwamvua. "Na ile iliki yako, Mungu shahidi wangu, ilikuwa ikinitesa. Kila daku naifunua kawa nanusa, kisha nakwenda kumwaga. Mkono haukuthubutu." Akainuka, akajifunga buibui. Hakumwambia aoshe wala asioshe. Alisema tu, "Nisamehe, kaka," akaenda zake.

Jioni ile Sadalla alifuturu kwa tende na maji. Sanduku lilikuwa pembeni mwa chumba, limefungwa, na alilitazama mpaka likamchosha. Lingeweza kulisha watu kumi, na lilikuwa limeshindwa kumlisha yeye mmoja. Alijua ni haki yake kununa. Alijua pia kwamba haki hiyo angekaa nayo chumbani humu miaka yote iliyobaki, yeye na haki yake, uji mbichi kila asubuhi. Akaogopa. Hakuwa ameogopa hivyo hata usiku ule chui alipoingia kwenye banda la kuku la Bwana Makrei.

Siku ya ishirini na tisa ya mwezi, alasiri, wakati bomba la mtaa limejaa wanawake na madebe yao, Sadalla alitokea na sufuria mkononi na udongo mwekundu kwenye gazeti. Walimpisha. Alichutama, akatia maji, akasugua, akamwaga. Akautia ule udongo, akasugua ndani na nje mpaka vidole vikageuka rangi. Idarusi alikuwa akipita kwenda msikitini, naye akasimama na kuanza kumhesabia kwa sauti kubwa, kana kwamba anaadhini: ya tatu, ya nne. Sadalla hakuinua macho. Alisugua kwa hasira, kifuniko kikalia, maji yakaruka yakalowesha kanzu yake, na kila yalipomwagika mferejini aliona uchungu, maana alijua anaosha kitu ambacho hakikuwapo. Ilipotimia ya saba, Mwamvua, aliyekuwa kwenye foleni na ndoo yake, alimwona akijifuta uso kwa mkono wenye udongo.

Akarudi nyumbani akachemsha maji, akajaza sufuria mpaka ukingoni, akaizamisha sandukuni. Daku ya mwisho, alijiambia, watakula daku ya mwisho. Hata kabla hajaliweka sawa blanketi, watoto wakapiga kelele barabarani kwamba mwezi umeandama. Kesho Idi. Hakuna daku. Sadalla alicheka peke yake, kicheko kibaya. Nani atakula uji wa oti asubuhi ya Idi, pilau zinasubiri kila nyumba?

Alfajiri alifungua, kwa mazoea tu. Mvuke ukampiga usoni. Uji ulikuwa umeiva vizuri kuliko siku zote. Akatia tui, sukari na iliki, kisha akakaa kando yake na kanzu yake mpya, asijue la kufanya.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mwamvua, na bakuli. Akapakuliwa, akaondoka. Baada yake akaingia Idarusi akinukia udi. "Sunna kula kitu kabla ya sala ya Idi," alitangaza mlangoni ili wapitao wasikie, "na sufuria hii sasa ni halali tupu!" Nyuma ya Idarusi wakaja wengine, majirani wa nyumba ya mbele, fundi cherehani wa pembeni, wanawake wa bombani, kila mtu na bakuli lake. Wakala wamesimama, wakasifu, wakauliza habari za sanduku, wakatia mikono kwenye katani kuona kama kweli zina joto. Na kila aliyemaliza alimshika Sadalla mkono akamwambia, "Mola akubali toba yako, mzee."

"Amina," Sadalla akajibu. Angejibu nini?

Hivyo ndivyo mtaa ulivyomjua tangu siku ile mpaka mwisho wake, mpishi wa Wazungu aliyetubu. Walikaa naye, walikula naye, walimwalika harusini, na wakimsifia walimsifia toba yake. Yule aliyejilinda miaka yote peke yake nyuma ya jiko la shambani hawakumjua.

Walipokwisha kwenda kusali, sufuria ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini. Sadalla alikuwa amewapakulia wote akajisahau. Alikuwa akitafuta kofia yake ili awafuate, Mwamvua akarudi. Bakuli lilikuwa mkononi mwake, lilelile, na bado limejaa.

Sadalla akaacha kutafuta. "Hata leo, Bi Mwamvua?"

"Hujala," alisema Mwamvua. "Nilikuona kupitia ua. Umewapa wote, mwenyewe hujala." Akakaa kwenye kizingiti palepale alipokaa siku ile, akatoa vijiko viwili kwenye mkunjo wa leso. Akachota, akala, mbele ya macho yake. Alitafuna kidogo ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Kisha akasema, "Kaka Sadalla, sufuria hii haikuwa na kitu. Sivyo?"

Swali hilo Sadalla alikuwa akilingoja tangu aliposhuka kwenye treni. "Haikuwa na kitu."

"Wala siku moja?"

"Wala siku moja."

"Nilijua pale bombani. Mtu mwenye kosa haoshi kwa hasira namna ile." Akamsogezea kijiko cha pili. "Haya, kula, unapoa."

Sadalla alikaa upande wa pili wa bakuli, akashika kijiko, akasema bismillahi, akachota.